Mwili mdogo hauna akiba: kusafiri kwa gari na mnyama wako mdogo

"Daktari, haka kadogo kana shida gani? Nitakapakata tu, hata hakuna atakayejua kama kamo garini." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno katika chumba changu cha matibabu, na kila nikiyasikia naweka kalamu chini ili tuzungumze vizuri. Mwenye mbwa mkubwa huipanga safari. Huuliza atamweka wapi, atakunywa maji saa ngapi, washuke mara ngapi njiani. Mwenye mbwa wa kilo mbili, au paka, au sungura, humnyanyua tu kama mkoba na kuondoka. Ingefaa iwe kinyume chake. Mnyama mdogo ndiye asiye na akiba: sukari mwilini ni kidogo, maji ni kidogo, na uzito wa kumtuliza pale gari linapofunga breki hana. Kosa ambalo mbwa mkubwa analivumilia hadi mwisho wa safari, mdogo humwangusha kabla hamjafika nusu ya njia.

Naanza na chakula, kwa sababu hapo ndipo nilipofundishwa somo hili na mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni kazini. Nililetewa mtoto wa mbwa wa jamii ndogo iitwayo Chihuahua, wa miezi mitatu, hajafika hata kilo moja, amefungwa kwenye taulo. Kichwa kimelala upande, ufizi umepauka, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu. Mwenyewe alikuwa mtu makini sana. Alikuwa ameambiwa kwamba mbwa asilishwe kabla ya safari ili asitapike, basi akaacha kumlisha tangu jana yake jioni. Sasa ilikuwa saa saba mchana. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka ufizini huku msaidizi wangu akitafuta mshipa wa kumwekea glukosi. Tulingoja. Kisha ulimi ukatoka kidogo, ukalamba, ukarudi ndani, ukatoka tena. Mpaka leo nikiona chupa ya asali namkumbuka.

Kilichompata ni hiki. Ini la mtoto wa mbwa wa jamii ndogo huhifadhi sukari kidogo sana, misuli yake ni michache, na ubongo wake, ambao ni mkubwa ukilinganisha na mwili, hauachi kula sukari hata dakika moja. Akikaa na njaa, huku baridi au woga ukiongeza matumizi, sukari ya damu inashuka ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo ushauri wa "usimlishe kabla ya safari" ni sahihi kwa mbwa au paka mzima mwenye afya: mlo mwepesi wa mwisho saa tatu au nne kabla ya kuondoka unatosha, na maji asinyimwe. Kwa mtoto mdogo wa mbwa ushauri huohuo ni hatari. Huyo apewe chakula kidogo kidogo njiani, na asali iwe karibu. Ukimwona anayumba, analegea au anatetemeka bila sababu, mpake ufizini kisha tafuta daktari. Kama hajitambui, usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia mapafuni.

Sungura na nguruwe wa Guinea (simbilisi) ni habari nyingine kabisa. Hawa hawawezi kutapika, kwa hiyo kuwanyima chakula kabla ya safari hakuna faida yoyote. Utumbo wao umeumbwa kufanya kazi muda wote, na ukisimama, gesi hujaa na mnyama anaweza kufa. Kasha lao lisikose nyasi kavu tangu mnapoondoka hadi mnapofika, na sungura aliyepitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, hata kama amekaa kimya akionekana ametulia. Kama amezoea kuishi na mwenzake, wasafiri wote wawili. Kumtenganisha kunamwongezea hofu, na hofu yenyewe inatosha kusimamisha utumbo.

Kutapika kwenyewe mara nyingi hutoka sikioni. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo na mizani ya mwili, na kwa watoto wa mbwa bado hakijakomaa, ndiyo maana wengi huacha kutapika wakikua. Lakini aliyetapika mara tatu garini hujifunza kuliogopa gari lenyewe, na hapo ataanza kudondosha udenda kabla hujawasha injini. Tazama dalili za mwanzo: kulamba midomo, kumeza mate, kupiga miayo, kutulia kusiko kwa kawaida. Ukiziona, simama ukipata mahali salama, umpe hewa. Kwa mbwa kuna dawa inayoitwa maropitanti, inayozuia kichefuchefu cha safari bila kumlaza, nayo hutolewa angalau saa mbili kabla ya kuondoka. Ukimpa mkiwa tayari barabarani umechelewa.

Dawa za kutuliza zinanipa wasiwasi zaidi. Asepromazini, ambayo wengi wameizoea, hulegeza mwili na kushusha shinikizo la damu, lakini hofu inaweza kubaki palepale. Mnyama anakuwa mwoga asiyeweza kujisogeza. Kwa mbwa wenye pua fupi kama Pug, au paka wa Persia, ambao tayari wanavuta pumzi kwa shida, simpi mtu dawa ya kulaza kwa ajili ya gari. Kwa paka mwenye woga mkubwa mara nyingi naandika gabapentini, na hata hiyo naomba ijaribiwe nyumbani siku nyingine kabla ya safari ili tuone inavyomkaa. Na nawasihi, msitoe dawa kutoka kwenye kabati la binadamu. Parasetamoli humuua paka: ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu yake hushindwa kubeba hewa, na ufizi hugeuka rangi kama ya matope. Kidonge kimoja kinatosha.

Sasa turudi kwenye kupakata. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kina mwendo huohuo. Gari likigonga na kusimama, ambacho hakikufungwa kinaendelea kwenda mpaka kikutane na kitu. Mwendo huo ni sawa na ule anaoufikia aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mnyama wa kilo nne kwa mshtuko wa namna hiyo, hata mikono inayompenda namna gani. Na kama amepakatwa kiti cha mbele, yuko katikati ya kifua chako na mfuko wa hewa unaofumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa nguvu iliyokadiriwa kwa mwili wa mtu mzima. Nyuma ni salama zaidi. Daima.

Kwa mnyama mdogo aliye kwenye kasha la kubebea, mahali ninapopapenda ni sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele, kisha kiti kisogezwe nyuma mpaka kasha lishikwe barabara lisitikisike. Pale kasha halina umbali wa kurukia. Watu wengi huliweka juu ya kiti na kulizungushia mkanda wa usalama, na kwa macho inaonekana sawa, lakini mkanda ukivutwa kwa nguvu ya ajali unaweza kuliponda kasha la plastiki likiwa na mnyama ndani. Fanya hivyo tu kama mtengenezaji amelijaribu kasha lake kwa namna hiyo na kusema hivyo waziwazi. Ukubwa wake uwe wa kumwezesha kusimama, kugeuka na kulala. Watu hununua kasha kubwa kwa huruma, lakini nafasi inayozidi ni nafasi ya kurushwarushwa. Napendelea lenye mlango wa juu pia, kwa sababu paka mwenye hofu haburutwi kwa miguu ya mbele kupitia mlango mdogo. Hufunguliwa juu akainuliwa taratibu.

Kasha lianze kuwa nyumba kabla halijawa chombo cha safari. Kwa paka hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika hapa, na ndilo linalorukwa zaidi. Kasha likitolewa stoo siku ya safari tu, paka anajua maana yake kabla hujalifungua. Paka wangu mwenyewe ilinichukua majuma matatu. Niliondoa kifuniko cha juu, nikaacha sehemu ya chini pale sebuleni anapopenda kuota jua, nikatandika kitambaa alichokilalia kwa muda mrefu, bila kukifua, kwa sababu harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Siku nne za kwanza alilizunguka kasha. Siku ya tano aliweka miguu miwili ndani, akala kipande cha samaki, akatoka. Nilipomkuta amelala humo usingizi mzito ndipo nikarudisha kifuniko, baadaye mlango, baadaye nikaufunga kwa dakika moja nikiwa nimeketi kando yake. Kisha garini injini ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, kisha mzunguko mfupi wa mtaa. Siku ya safari yenyewe nilifunika kasha kwa shuka jepesi pande tatu, asione miti inavyokimbia, na alilalamika mpaka mwisho wa barabara yetu, akanyamaza.

Joto linahitaji ukali wa maneno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 hadi 36 za Selsiasi. Ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia chochote cha maana. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema ndani ya hewa yenye joto na unyevu hakumpozi. Sungura hupoza zaidi kwa masikio, naye haonyeshi dalili mpaka ameshazidiwa. Kwa hiyo hakuna "naingia dukani mara moja". Asiyeweza kushuka na mnyama wake abaki naye garini, kipoza hewa kikiwa kimewashwa.

Hata gari likiwa linatembea na kipoza hewa kinafanya kazi, wewe mbele unaweza kuhisi ubaridi huku nyuma sakafuni hewa haifiki, au jua la dirishani linaangukia kasha upande mmoja kwa saa nzima. Ingiza mkono wako ndani ya kasha, mpaka pale anapolala, uuache humo kidogo. Mkono utakuambia. Ukimkuta anahema kwa nguvu, ufizi mwekundu sana, analegea, anza kumpoza hapohapo kabla ya kuanza safari ya kwenda kwa daktari: mtoe kwenye joto, mmwagie maji ya kawaida yenye ubaridi mwili mzima, mpepee, halafu ndipo mwende, mkiendelea kumpepea njiani.

Wagonjwa wangu wengi waliowatoroka wenyewe safarini walitoroka mlango ukifunguliwa, gari likiwa limesimama. Paka mmoja niliyekuwa namtibu tangu utotoni alitoka hivyo kwenye kituo cha mafuta: mtoto alifungua kasha amwonee huruma, baba akafungua mlango wa gari kulipa. Walimpata usiku wa pili, mtaroni, hatua chache tu kutoka pale alipoanzia. Paka aliyetishika ugenini kwa kawaida hakimbii mbali, anajificha na kunyamaza hata akisikia sauti ya mwenyewe, kwa hiyo mtafute karibu, chini, usiku, kwa tochi na uvumilivu. Utaratibu wangu garini ni mmoja na hauvunjwi: kamba ifungwe kwanza, milango yote ikiwa imefungwa, ndipo kasha lifunguliwe. Na kamba ishikizwe kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni. Mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua wana bomba la hewa laini linaloweza kusinyaa, na mvuto mmoja wa shingo huwaachia kikohozi kama mlio wa bata bukini.

Chipu ya utambulisho chini ya ngozi ina namba yenye tarakimu 15, lakini haisaidii kitu kama namba ya simu iliyosajiliwa nayo ni ya zamani. Iangalie kabla ya kuondoka. Mkivuka mpaka, jueni kwamba chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa haihesabiwi siku inapochomwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai zipite siku 21, kwa hiyo chanjo ya usiku wa kuamkia safari haimvushi mtu.

Mkifika, mpe chumba kimoja kidogo kwanza, kasha likiwa wazi humo, maji, chakula kilekile cha nyumbani na trei ya mchanga aliouzoea. Atatoka mwenyewe. Paka anaweza kukataa mlo wa kwanza, lakini akifika siku ya pili hajala, hasa kama ni mnene, mpigie daktari, kwa sababu mafuta huanza kujaa kwenye ini. Na paka dume anayeingia kwenye trei mara kwa mara, anajikamua, anatoka bila tone la mkojo, huyo msingoje kukuche. Mpelekeni usiku uleule.