Nyasi Zilizopita Goti Si Kazi ya Moa

Kila mvua za masika zinapokatika hapa Mwanza, maswali ninayoulizwa kuhusu mashine za kukatia nyasi huwa ni yale yale. Shule imefunga mwezi wa Juni na uwanja wake wa mpira umegeuka pori. Mwenye hoteli ya ufukweni kule Ilemela amechelewa kufyeka. Mkulima wa Misungwi anataka kusafisha chini ya miembe yake. Wote wana trekta, wote wana nyasi zilizowapita magoti, na wote wanataka niwauzie moa ya kumalizia, ile ya visu vitatu inayofungwa nyuma ya trekta, kwa kuwa wameiona mahali fulani ikiacha uwanja umesawazika vizuri. Kwa kuwa nimechoka kueleza jambo moja kwa mdomo kila msimu, naliandika.

«Moa ndiyo inayokata vizuri zaidi, kwa hiyo hata nyasi ndefu itaziweza, mradi dereva aende polepole»

Dhana hii ndiyo inayoniletea moa zilizoungua mikanda kabla hazijamaliza msimu wa kwanza. Msingi wake ni kudhani kwamba mashine za kukatia nyasi zimepangwa kwa ngazi, chini slasha (ile inayofungwa kwenye trekta, si ya mkono) na juu moa, hivyo anayenunua ya juu amepata yote yaliyomo katika ya chini pamoja na nyongeza. Ukweli ni kwamba hizi ni mashine mbili zenye kazi mbili. Moa huzifanya nyasi fupi zibaki fupi, na kimo chake cha kukatia huanzia takriban sm 2.5 na kuishia kwenye sm 10 au 12. Slasha huangusha nyasi ndefu, magugu yenye shina gumu na vichaka vichanga, lakini haikuahidi mtu yeyote uzuri wa uwanja.

Wapo wanaoamini kwamba siri ya moa ni kasi. Hebu tupige hesabu. Kisu cha moa chenye urefu wa sm 60 kutoka ncha hadi ncha, kikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake husafiri takriban mita 78 kwa sekunde. Slasha yenye upana wa mita 1.5, ambayo giaboksi yake huongeza mizunguko 540 kwa dakika ya PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) hadi karibu 1,000, ncha za visu vyake husafiri mita 78 zile zile. Tofauti, basi, haiko kwenye kasi, bali iko kwenye uzito wa kisu na kwenye njia ambayo nguvu hupita kukifikia.

Katika slasha, nguvu hutoka kwenye shafti ya PTO, huingia kwenye giaboksi, na kushuka moja kwa moja hadi kwenye visu, ambavyo ni vinene, vizito, na vimefungwa kwa boliti inayoviruhusu kujikunja nyuma vinapogonga kisiki. Uzito huo unaozunguka huhifadhi nguvu, na ndiyo maana slasha hupita kwenye tuta la nyasi bila kushtuka. Katika moa, giaboksi huzungusha puli, puli huvuta mkanda, na mkanda mmoja huo hupita kwenye mihimili mitatu ya visu vyembamba na vyepesi vilivyokazwa bila nafasi ya kujikunja. Nyasi zikiwa nyingi, kisu hupungua kasi, mkanda huanza kuteleza kwenye puli, huchemka, hung'aa na kukakamaa, na kuanzia hapo utateleza hata kwenye nyasi fupi. Harufu ya mpira unaoungua ndiyo taarifa ya kwanza, na kwa bahati mbaya wengi huitafsiri kuwa mkanda ulikuwa feki. Kisu hicho kikikutana na jiwe, kwa kuwa hakiwezi kujikunja, kinachopinda ni mhimili na zinazokufa ni beringi.

Tatizo la pili hutangulia hata la mkanda. Bodi ya moa, yaani bati linalofunika visu, hukaa chini karibu na ardhi, kwa sababu visu vyake vina mabawa yaliyopinda juu ili kuvuta hewa, kuzisimamisha nyasi na kuzikata zote kwa kimo kimoja. Utaratibu huo unategemea nyasi ziingie chini ya bodi zikiwa bado zimesimama. Nyasi zenye urefu wa mita moja hupigwa na ukingo wa mbele wa bodi, hulala, na visu hupita juu ya migongo yake. Jioni mwenye uwanja hufurahi. Baada ya siku chache zile zilizolala huinuka, naye hunipigia simu kulalamika kwamba visu ni butu.

Tatizo la tatu ni mahali pa kuweka kilichokatwa. Ukizishusha nyasi za sm 80 hadi sm 8, sehemu tisa kwa kumi za urefu wake zinapaswa kupita katika nafasi finyu iliyo chini ya bodi na kutokea nyuma au pembeni. Hazitoki zote. Hujazana, hujiviringisha kwenye mihimili, na zile zinazotoka huanguka kwa mafungu mazito ambayo yakiachwa hapo huozesha nyasi zilizo chini yake. Umande wa asubuhi wa huku ziwani huongeza balaa, kwa kuwa nyasi mbichi zenye maji hunata.

Sasa kuhusu kwenda polepole. Ni kweli kwamba trekta likienda polepole, nyasi zinazoingia kwenye visu kwa kila sekunde hupungua. Lakini mwendo wa polepole hauinui ukingo wa bodi wala haupanui nafasi ya kutokea. Na madereva wengi, wakiambiwa wapunguze mwendo, hupunguza mafuta badala ya gia. PTO hushuka chini ya mizunguko 540, visu hushuka nayo, na kazi inaharibika zaidi kuliko mwanzo. Mwendo wa mashine ya PTO hupunguzwa kwa gia, huku injini ikibaki kwenye alama ya 540. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kwenye dashibodi ya kila trekta la kukodisha katika mkoa huu.

Kwa hiyo, unapochagua, usianze na sura unayotaka uwanja uwe nayo. Anza na nyasi zitakavyokuwa katika siku yao mbaya kuliko zote za mwaka, yaani baada ya likizo, baada ya trekta kuharibika, au baada ya mvua za wiki tatu mfululizo. Ikiwa siku hiyo zitapita goti, hata mara moja tu kwa mwaka, mashine ya kwanza kununua ni slasha, na moa itafuata ukiwa na uhakika wa kukata mara kwa mara msimu wote wa mvua. Kanuni ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja haikuwekwa kwa ajili ya afya ya nyasi peke yake. Ndiyo inayoipa moa mzigo inaoumudu. Anayetaka uwanja wa sm 6 anapaswa kuingia kabla nyasi hazijapita sm 9. Asiyeweza ratiba hiyo wakati wa vuli na masika asinunue moa.

Uwanja ambao tayari umekuwa pori hurudishwa kwa hatua. Pitisha slasha kwa kimo cha sm 15 hivi, ondoa mabaki yote (katika Usukuma hutakosa mfugaji wa kuyachukua yakiwa bado mabichi), subiri nyasi zichipue upya, kisha ingiza moa ikiwa imepandishwa hadi kimo chake cha juu kabisa na uishushe kidogo kidogo katika mikato inayofuata. Mwenye uwezo wa kununua mashine moja tu, na anayetaka kazi nadhifu kuliko ya slasha, aifikirie moa ya nyundo, ambayo rola lake limelala kwa upana wa trekta na kubeba visu vidogo vingi vinavyoning'inia. Hiyo husaga nyasi ndefu vizuri na kuzitawanya, ingawa ni nzito, hula nguvu nyingi zaidi kwa kila mita ya upana, na siku ya kubadilisha visu utakaa chini yake kwa muda mrefu.

Matete na mafunjo ya ukingoni mwa ziwa nayaweka kando. Hayo si ya slasha wala ya moa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ziwani shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Usiniulize mashine gani itayafyeka.

«Trekta langu lina nguvu za farasi 75, nyasi hazilishindi»

Hazilishindi trekta, zinaishinda moa. Moa ya mita 1.5 huhitaji takriban nguvu za farasi 20 hadi 25, na slasha ya upana huo takriban 25 hadi 30, kwa hiyo Massey Ferguson 240 iliyozoeleka huku inatosha kwa zote mbili. Nguvu inayozidi haipiti kwenye mkanda bila kuuchoma. Badala ya nguvu, pima upana wa matairi ya nyuma kutoka nje hadi nje, kisha chagua mashine inayoyafunika, maana nyasi zilizokanyagwa na tairi lililo nje ya upana wa kukata hubaki zimelala. Ila kwenye ardhi yenye mabonde na vichuguu, mashine pana mno hukwangua udongo upande mmoja na kuacha nyasi upande wa pili.

«Visu vya slasha vinolewe viwe vikali kama wembe»

Visivyo vikali kiasi hicho ndivyo vinavyodumu. Achia ukingo wa unene wa mm 1.5 hivi, kwa sababu kisu chembamba huchongoka na kumeguka kikigusa jiwe. Ukali ni wa visu vya moa, na kwenye udongo wa luseni, ambao mchanga wake huvila upesi, vikaguliwe mara nyingi zaidi.

«Kimo cha moa hupangwa kwa mkono wa haidroliki»

Moa hubebwa na magurudumu yake madogo manne, na kimo hupangwa hapo. Haidroliki ni ya kuinulia mashine wakati wa kugeuza na kusafiri. Ukiiacha ibebe moa wakati wa kukata, kila tuta linalopandwa na trekta litachorwa kwenye uwanja. Shusha mikono hadi magurudumu yote yaguse ardhi, na sehemu ya mbele ya visu iwe chini kuliko ya nyuma kwa takriban sm 1.

«Mawe madogo hayana neno»

Mji huu umejengwa juu ya granaiti, na bado naulizwa hili. Jiwe lililopigwa na kisu cha slasha linaweza kuruka hata mita 90, umbali unaovuka uzio wa shule na kufika kwenye kijiwe cha bodaboda. Nyasi ndefu huficha mawe, vyuma, nyaya na mashimo, kwa hiyo eneo litembelewe kwa miguu kabla trekta halijaingia, mtu akiwa na fimbo ya kupekulia na vijiti vya kuweka alama penye miamba isiyong'oleka. Minyororo au mipira ya kinga iliyoning'inizwa mbele na nyuma ya slasha isiondolewe kwa kisingizio kwamba inazuia nyasi kuingia. Wateja wangu huniona msumbufu kwa hili, na nitaendelea kuwa msumbufu.

«Ukikanyaga klachi, slasha husimama»

Kwenye matrekta ya zamani ambayo PTO yake huunganishwa kupitia klachi moja na magurudumu, hali huwa kinyume. Uzito wa slasha unaoendelea kuzunguka hurudisha nguvu kwenye giaboksi ya trekta na kulisukuma mbele, ingawa dereva amekanyaga klachi, na ukiwa karibu na ukuta au mteremko huna nafasi ya kujifunza. Dawa yake ni kiungo cha njia moja kinachovikwa kwenye shafti ya PTO, ambacho hupeleka nguvu kwenye slasha na kuizuia isirudi. Mwenye trekta la aina hiyo akija kuchukua slasha kwangu, kiungo hicho hufungwa kwanza, na bei yake huingia kwenye ankara ile ile.