Mto wa mji usio na mto

Yerusalemu haina mto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akionyeshwa ramani hushangaa kidogo, kwa sababu tangu utoto amesikia Zaburi ya 46 ikisema, "Kuna mto, vijito vyake vyaufurahisha mji wa Mungu." Mto upi huo? Miji mikubwa ya zama zile ilikaa kando ya maji: Babeli kwenye Frati, Ninawi kwenye Hidekeli (Tigri), Memfisi kwenye Naili. Yerusalemu yenyewe ilikaa mlimani, takribani mita 750 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Kidroni lililo chini ya kuta zake huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Maji ya kutegemewa yalitoka kwenye chemchemi moja tu, Gihoni, ambayo ilikuwa ikibubujika kwa vipindi kisha kutulia, kama mtu anayevuta pumzi.

Nafundisha Agano la Kale katika chuo cha theolojia, na kila ninapotakiwa kueleza maana ya mto katika Biblia huanzia hapo. Mtunga zaburi hakuwa akieleza alichokiona dirishani. Aliimba juu ya kitu ambacho mji wake haukuwa nacho, na akakisema kana kwamba kipo.

Jina la chemchemi ile nalo lina neno. Mwanzo 2 inasimulia kwamba mto ulitoka Edeni kuitilia bustani maji, ukagawanyika kuwa vichwa vinne: Pishoni, Gihoni, Hidekeli na Frati. Kwa hiyo chemchemi ndogo iliyo chini ya mji wa Daudi inaitwa kwa jina la mmoja wa mito ya Edeni. Jina lenyewe linatokana na kitenzi cha kububujika, na huenda lilitolewa kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo, msomaji wa Kiebrania asingeweza kuyasikia majina hayo mawili bila kuyahusisha.

Nabii Isaya alijua jinsi maji hayo yalivyodharauliwa. Katika sura ya 8 analalamika kwamba watu wameyakataa maji ya Shiloa, mfereji wa Gihoni, yaendayo polepole, na kwa hiyo Bwana atawaletea maji ya "Mto", yaani Frati, yenye nguvu na mengi. Maji hayo ni mfalme wa Ashuru na jeshi lake, nayo yatafurika hadi shingoni. Isaya anaweka mbele yao mfereji mdogo wa nyumbani na mto mkubwa wa watu wengine, akiuliza kimyakimya wanautumainia upi. Mwaka 701 KK Waashuri walifika kweli, na mfalme Hezekia alikuwa ameyaingiza maji ya Gihoni mjini kwa njia ya chini ya ardhi. Handaki hilo lina urefu wa mita 533 hivi, na bado linapitika kwa miguu, maji yakiwa yanatiririka. Mwaka 1880 yaligunduliwa ndani yake maandishi yaliyochongwa ukutani, yakisimulia jinsi makundi mawili ya wachimbaji, kila moja likitokea upande wake, yalivyosikia sauti za wenzao kupitia mwamba kabla ya kukutana sururu kwa sururu. Tulikumbuke handaki hili, maana litarudi katika Injili.

Sasa niseme kidogo juu ya maneno. Kiswahili kina mto wa kuvuka na mto wa kulalia, na Yesu katika Marko 4:38 amelala juu ya huo wa pili. Kiebrania nacho kina maneno ambayo sisi huyatafsiri yote kwa "mto" au "kijito" na kupoteza kitu njiani. Kuna nahar, mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima, na ndio ulioko Edeni na katika Zaburi ya 46. Kuna nahal, korongo linalojaa mvua ikinyesha na kubaki mchanga na mawe jua likiwaka. Ayubu, katika sura ya 6, anawafananisha rafiki zake na korongo la namna hiyo: wasafiri wanageuza njia kulifuata, wanafika, hakuna kitu. Yeremia anathubutu kumwuliza Mungu mwenyewe kama atakuwa kwake kijito kidanganyacho. Ndiyo maana Amosi 5:24, inayosema haki itiririke "kama maji makuu", ina makali zaidi kwa Kiebrania: nabii anadai nahal isiyokauka. Anadai haki ambayo haipo leo na kutoweka mwezi ujao.

Kwa maneno hayo tunaweza kuingia Ezekieli 47, sura ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima.

Ezekieli aliishi uhamishoni Babeli, nchi ya mito na mifereji, kando ya mto Kebari. Maono haya anayataja kuwa ya mwaka wa 25 wa uhamisho, mwaka wa 14 tangu mji uangushwe. Hekalu analotembezwa ndani yake halikuwapo tena duniani, lilikuwa majivu. Anafikishwa mlangoni na kuona maji yakitoka chini ya kizingiti. Ni machache mno. Kitenzi kinachotumika kinakaribiana na neno la kichupa, kana kwamba maji yanachuruzika kutoka mdomo mwembamba wa chupa. Kiongozi wake, mwenye uzi wa kupimia mkononi, anakwenda dhiraa 1,000 upande wa mashariki, kiasi cha nusu kilomita, na kumvusha: maji ya vifundo vya miguu. Dhiraa 1,000 tena: magoti. Tena: viuno. Tena: hapavukiki, ni maji ya kuogelea.

Mahubiri mengi huvifanya vipimo hivyo kuwa ngazi za ukomavu wa muumini. Sina ugomvi na wahubiri, lakini nabii mwenyewe hasemi hivyo. Anachotuonyesha kinahitaji macho ya mtu anayejua mito. Mto wa kawaida hukua kwa sababu vijito vingine huingia ndani yake. Huu hauingiwi na kijito hata kimoja. Ndani ya kilomita mbili hivi umetoka mchuruziko hadi kilindi, na chanzo ni kile kile cha chini ya kizingiti. Kisha neno analolitumia Ezekieli kuutaja ni nahal, korongo la msimu. Maji yanapita katika njia ya aina ile iliyomdanganya Ayubu, na safari hii hayakauki.

Kisha unaelekea wapi? Maji hufuata mkondo, na mkondo wa mashariki ya Yerusalemu ni mteremko mkali kupita jangwa hadi Bahari ya Chumvi, yaani Bahari ya Mauti, ambayo ufuo wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko nchi kavu yote duniani. Chumvi yake ni karibu mara 10 ya ile ya bahari ya kawaida. Samaki anayebebwa na Yordani hadi humo hufa. Ezekieli anasema maji ya hekalu yatakapoingia, maji yale yataponywa, samaki watajaa kama wa Bahari Kubwa, yaani Mediterania, na kuanzia Engedi hadi Eneglaimu wavuvi watatandaza nyavu zao.

Kuna mfano unaopendwa sana mimbarani, kwamba bahari hiyo imekufa kwa kuwa hupokea bila kutoa. Umechakaa, na kwa kweli Ezekieli hauungi mkono. Katika maono yake hakuna anayeichimbia bahari mlango wa kutokea wala kuikemea kwa uchoyo. Inaponywa na kile kinachoingia. Na jambo lingine: Yordani tayari huingia humo, siku zote, na bahari imebaki vile vile. Wasikilizaji wa Ezekieli walilijua hilo. Wingi wa maji haukuwahi kuwa dawa. Tofauti ya mto huu ni mahali unapotoka.

Aya ya 11 husomwa haraka, pengine kwa sababu inasumbua: matope na madimbwi ya pembeni hayataponywa, yataachiwa chumvi. Wako wafasiri wanaoiona kama hukumu, picha ya wale wanaokaa kando ya neema bila kuguswa nayo. Mimi naelekea kwa wale wanaokumbuka kwamba chumvi ilikuwa mali, tena katika sura ya 43 kitabu hiki hiki kinaagiza sadaka zinyunyiziwe chumvi na makuhani. Mungu anaponya bahari na kuacha pembeni kiasi cha kutosha nyumba na madhabahu. Msomaji anaweza kukataa. Andiko lenyewe halifungi mjadala.

Yordani nayo isitupite, ingawa maana yake ni ya namna nyingine. Ni mpaka. Israeli waliuvuka wakati wa mavuno, ulipokuwa umefurika kingo zake zote, wakainua mawe 12 ya ukumbusho. Eliya aliuvuka na hakurudi. Naamani Mshami alikasirika alipoambiwa ajichovye humo mara 7, akataja Abana na Farpari, mito ya Dameski, kuwa bora kuliko maji yote ya Israeli. Hakujibiwa kwamba amekosea. Labda kwa usafi wa maji hakukosea. Simulizi linamponya kwa kutii neno la nabii, na nguvu haiwekwi katika maji hata kidogo. Ni vizuri kulikumbuka hili kila anapotokea mtu wa kuuza maji ya Yordani kwenye chupa. Yesu naye alipobatizwa aliingia mto uliokwisha kuingiwa na umati wenye dhambi zao.

Turudi kwenye handaki. Katika siku za Yesu, kila Sikukuu ya Vibanda, kuhani aliteka maji kwa chombo cha dhahabu kwenye birika la Siloamu na kuyapandisha hekaluni, yakamiminwa madhabahuni. Maji ya Siloamu ni yale yale ya Gihoni, yaliyopitia handaki la Hezekia. Ndiyo yale ya Shiloa ya Isaya, yaendayo polepole. Sikukuu huangukia mwisho wa kiangazi, makorongo yakiwa makavu na watu wakitazamia mvua. Nabii Zakaria, katika sura ya 14, aliifungamanisha sikukuu hiyo na mvua, na katika sura hiyo hiyo akatabiri maji yaliyo hai yatakayotoka Yerusalemu, nusu yakielekea bahari ya mashariki na nusu ya magharibi, wakati wa hari na wakati wa baridi. Yaani, si maji ya msimu.

Siku ya mwisho ya sikukuu, kwa mujibu wa Yohana 7, Yesu alisimama na kupaza sauti: "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Kisha yakafuata maneno juu ya mito ya maji yaliyo hai itakayotoka "ndani yake". Ndani ya nani? Hati za kale za Kiyunani ziliandikwa bila alama za vituo, na nukta ikihamishwa maana inahama: ama mito inatoka ndani ya aaminiye, ama inatoka ndani ya Kristo. Mjadala huo ni wa tangu karne za mwanzo za Kanisa. Biblia zetu nyingi zimefuata njia ya kwanza. Mimi huipa uzito ile ya pili, kwa sababu Yohana ndiye peke yake anayetaja, katika sura ya 19, kwamba ubavu wa Yesu ulipochomwa yalitoka damu na maji. Yohana mwenyewe anaongeza kwamba Yesu alikuwa akinena habari za Roho, ambaye waaminio wangempokea baadaye. Kwa hiyo hata anayefuata njia ya kwanza hawezi kumfanya muumini kuwa chemchemi ya kujitegemea. Kiyunani, kwa njia, kinasema "tumboni", neno la mwilini kabisa, ambalo tafsiri zetu zimelipaka adabu.

Mto wa mwisho uko Ufunuo 22, na Yohana wa Patmo anauandika akiwa na Ezekieli kichwani: miti kando ya maji, matunda kila mwezi, majani ya kuponya. Yanayovutia ni mabadiliko. Hekalu halipo tena, kwa hiyo mto unatoka katika kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwana-kondoo. Haushuki jangwani, unapita katikati ya njia kuu ya mji ambao malango yake hayafungwi. Na pale Ezekieli alipoishia kwa kusema majani ni dawa, bila kusema ni ya nani, Yohana anaandika kwamba ni ya kuwaponya mataifa. Ni mataifa yale yale ambayo kwa Isaya yalikuja kama mafuriko ya Frati hadi shingoni.