Springi ngumu si dawa ya kushika barabara

Baadhi ya wanaojijengea gari la mbio Kampala huamini kwamba springi ikiwa ngumu zaidi gari litashika barabara vizuri zaidi, kwa hiyo huikata. Si kweli. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikibaki na 6, ugumu wake hupanda kwa theluthi nzima, na nafasi ya gurudumu kupanda hupungua. Kwenye barabara ya changarawe yenye makorongo, tairi huruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote.

Kabla ya kuchagua springi, pima kwanza ni kiasi gani cha ugumu wake kinachofika kwenye gurudumu. Gari likiwa juu ya stendi imara, toa springi, rudisha shokapu bila springi, kisha inua gurudumu kwa jeki milimita 50. Shokapu ikifupika milimita 35, uwiano wa mwendo wa shokapu kwa mwendo wa gurudumu ni 0.7. Uzidishe kwa wenyewe: 0.49. Springi ya nyutoni 50 kwa milimita (yaani inayohitaji nguvu ya nyutoni 50 kufupika milimita moja) inafika kwenye gurudumu ikiwa 24.5 tu. Hatua hii ya kuzidisha ndiyo inayosahaulika sana, na hapo springi isiyofaa hununuliwa.

Ugumu uweke kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, kwa mabomba yaliyochomelewa kwa pembetatu. Chesisi ikijipinda, kubadilisha springi hakutakuonyesha tofauti ya kuaminika.