Kurudi Darasani Ukubwani: Yanayosemwa Mtaani na Yalivyo

"Lazima uanze fomu wani, ukae miaka minne na watoto."

Si lazima. Hapa Tanzania, aliyeishia darasa la saba hupita njia ya QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Vituo vya elimu ya watu wazima, vikiwemo vya TEWW (Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima), hufundisha ya kidato cha kwanza na cha pili ndani ya mwaka mmoja, unafanya QT Novemba, kisha mwaka unaofuata unamaliza cha tatu na cha nne. Kama uliwahi kufaulu mtihani wa kidato cha pili, QT haikuhusu. Ukomo wa umri kwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiye mwanafunzi wa shule, haupo. Kinachowatia wengi aibu ni neno "ngumbaru", lakini kisomo cha ngumbaru kilikuwa cha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hii ni sekondari, na mtihani wa kidato cha nne ni uleule wanaofanya wa shuleni.

"Ulifeli? Rudia masomo yote."

Anayereseti, yaani anayerudia mtihani, huchagua masomo. Chuo kinataka D nne zisizo za dini nawe unazo tatu? Tafuta moja. Unataka kidato cha sita? Lengo lako ni C tatu, na C huanzia alama 45. Masomo saba ni ya anayefanya mtihani huo kwa mara ya kwanza. Ila jambo moja huwaponza wanaoreseti: mwanafunzi wa shule hubebwa na alama za maendeleo alizokusanya shuleni, mtahiniwa wa kujitegemea hupimwa kwa mtihani peke yake.

"Hesabu ni za wenye akili, kariri pasti pepa (mitihani iliyopita) tu."

Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama, na sababu huwa chini kuliko wanavyodhani. Mtu anashindwa milinganyo akadhani aljebra ni ngumu, kumbe tatizo ni alama ya kutoa. Mpe 7 − 2(x − 3) atakuandikia 7 − 2x − 6. Inatakiwa 7 − 2x + 6, kwa kuwa hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita. Huyo hata akariri pasti pepa za miaka kumi, kosa lile lile litamfuata kila swali.

Jipime kwanza kwa kalamu na karatasi: 3/4 − 2/3, −5 − (−8), asilimia 15 ya 40,000. Majibu ni 1/12, 3 na 6,000. Ukikosa hata moja, nenda kwenye vitabu vya darasa la tano na la sita, miezi miwili au mitatu, nusu saa kila siku. Nusu saa ya kila siku inashinda saa nne za Jumapili, maana mbinu isiyorudiwa husahaulika kabla ya Jumapili nyingine.

Baada ya hapo angalia muundo wa karatasi. Katika muundo uliozoeleka, Hisabati ina maswali 14: kumi ya alama 6 sehemu A, manne ya alama 10 sehemu B. D huanzia 30, yaani maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika. Sehemu (kama nusu na robo), seti, uwiano, faida na hasara: mfanyabiashara wa sokoni anayafanya haya kila siku bila kuyaita hisabati. Andika kila hatua, kwa kuwa jibu likikosewa njia bado hupewa alama.

"Kiingereza kitakuja chenyewe."

Hakiji. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari ni kwa Kiingereza, kwa hiyo unaweza kuijua Biolojia na bado usielewe swali. Anza na vitenzi vya maswali: vile vya kutaja, kueleza, kutofautisha na kukokotoa. Anayetakiwa kutofautisha akaeleza kitu kimoja tu hupoteza alama za jibu analolijua.

"Nimelipa twisheni, basi nimesajiliwa."

Hili ndilo linalogharimu watu mwaka mzima. Twisheni ni twisheni. Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hupitia kituo cha mtihani, ambacho hukupa namba rejea. Ndipo unajaza fomu mtandaoni na kulipia kwa namba ya malipo. Kwa kawaida dirisha la usajili hufunguliwa Januari, ada isiyo na faini hukoma mwisho wa Februari, na Machi hulipwa kwa faini. Aliyeamua Mei ameshachelewa mtihani wa Novemba, lakini amepata miezi ya kutosha kurekebisha zile sehemu na hasi.

Chapisha fomu iliyokamilika uikague kwa kidole, mstari kwa mstari: masomo uliyochagua, kisha majina, yafanane na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya awali. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya ofisa wa ajira, na kurekebisha kabla dirisha halijafungwa ni rahisi kuliko baada ya cheti kutoka.