"Lakini kazi?": tunayosema Lubumbashi kuhusu vibarua, na yalivyo

Mama mkubwa wangu anakaa Katuba, hapa Lubumbashi, katika nyumba ambayo marehemu mume wake aliijenga akiwa bado Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya Katanga. Kila nikienda kumsalimia huniuliza kabla sijaketi vizuri: "Weye sasa, uko unatumika wapi?" Yaani, unafanya kazi wapi. Namwambia: Jumatatu na Jumanne niko kwa duka la vifaa vya ujenzi, Alhamisi kwa famasi moja ya Kampemba, Jumamosi kwa depo ya vinywaji. Kote nawashikia vitabu vya hesabu. Ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa taratibu, halafu: "Ndiyo, nimesikia. Lakini kazi?"

Kwa Kiswahili chetu cha hapa, neno hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mama anayeamka saa kumi za usiku kupika munkoyo, kinywaji chetu, wa kuuza soko la mtaa wa Kenya hana kazi, anajitafutia. Fundi viatu hana kazi. Kazi ni ile yenye geti, yenye namba ya mfanyakazi, yenye siku ya malipo. Mimi ile yenye geti niliiacha kwa hiari yangu, na tangu hapo nimepewa mashauri mengi kuliko mtu aliyefiwa. Mengine ni ya kweli. Mengi si kweli, na haya ndiyo yanayorudi kila mara.

"Mtu wa Katanga amezaliwa na kazi ya kudumu"

Hili huambiwa vijana kama aibu: babu zenu walishika kazi miaka 30, ninyi mnashika siku mbili mnaacha.

Babu za babu zetu walikuwa vibarua. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuzunguka vijijini kutafuta wanaume wa kupeleka migodini. Walichukuliwa kwa miezi kadhaa, kisha waliosalia hai walirudi kulima. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Ruanda-Urundi. Kampuni ndiyo iliyochoka. Kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumfundisha, kisha kumpoteza baada ya miezi michache kulikuwa hasara. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutoa kontra, yaani mikataba, za miaka mitatu, ikaruhusu wake waje, ikajenga kampi zenye hospitali na shule, ikagawa posho ya unga.

Kwa hiyo kazi ya kudumu haikutoka katika damu yetu. Ilikuwa hesabu ya mwajiri: kumweka mtu kulikuwa rahisi kuliko kumtafuta upya. Hesabu hiyo leo imegeuka. Watu wanaotaka kazi wamejaa mjini, hakuna wa kufuatwa kijijini, na mwajiri anajua kwamba asubuhi akifungua geti atakuta 40 wamesimama. Nikimsikia mzee akiwalaumu vijana kwa kupenda vya siku, huwa natamani kumuuliza ni nani hasa aliyeacha kupenda vya kudumu.

"Mwenye kontra ana uhakika wa mwisho wa mwezi"

Katika mji huu, kati ya miji yote, bado tunasema hivyo.

Mgodi wa Kamoto, wa Gécamines, uliporomoka Septemba 1990, na kampuni haikurudi tena kuwa ile ya zamani. Watu walizeeka wakisubiri malimbikizo. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Hao wote walikuwa na kontra. Walikuwa na namba. Mume wa mama mkubwa alikuwa mmoja wao, na ile "hiari" alikuwa akiitamka kwa namna yake, huku akikohoa.

Yangu ni ndogo zaidi. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya usafirishaji, mshahara dola 320. Mwaka wangu wa mwisho nilipokea mishahara 7 kati ya 12. Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo nilikaa siku moja nikaipiga: dola 2,240 kwa mwaka, yaani kama 187 kwa mwezi. Ile 320 ilikuwa ya kwenye karatasi na ya kuwaambia wakwe. Sasa duka, famasi na depo vikijumlishwa vinanipa 240. Kwa macho ya mtaa nimeshuka kutoka 320 hadi 240. Kwa daftari langu nimepanda.

"Zhurnalie (kibarua wa siku) hana haki, anafukuzwa kama kuku"

Hapa ndipo watu wanapoumia bure, basi nitakaa kidogo.

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamjua kabisa mtu anayechukuliwa siku kwa siku. Haitaki hata awe na kontra ya maandishi. Lakini kifungu cha 40 kinaweka mpaka: ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, halafu mwajiri yule yule akakuchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, unahesabiwa kuwa umeajiriwa kwa muda usio na kikomo. Hata kama hukusaini chochote, na hata kama bado anakuita zhurnalie.

Siku 22 kwa miezi miwili hazifiki hata siku tatu kwa juma. Zifikirie vizuri. Dada anayefua nguo kwa familia moja ya mtaa wa Golf siku tatu kila juma anavuka mpaka huo bila kujua, na madam wake pia hajui, au anajua akanyamaza. Mimi na siku zangu mbili za dukani sifiki, naishia 17 au 18. Hilo nalijua, na tajiri wangu analijua.

Tatizo ni ushahidi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa akishusha mizigo kwenye depo moja ya saruji kando ya barabara ya Kasumbalesa. Alilipwa jioni, mkono kwa mkono, bila karatasi. Nilimpa kaye ya shule yenye kurasa 48. Nikamwambia aandike kila siku kabla ya kunawa: tarehe, nani alimchukua, gari gani, mifuko mingapi. Ninayo hapa, kurasa zimegeuka kijivu kwa vumbi. Mstari mmoja: "Jumatano. Shefu mfupi. Gari ya Zambia, mifuko 600, sisi watu 6." Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Gawanya kwa sita, kila mmoja alibeba tani tano mgongoni kabla ya jua kuzama.

Alipofikisha siku ya 31, wakamwambia asirudi. Akaenda kwa mkaguzi wa kazi na kaye yake na wenzake wawili wa kushuhudia. Ugomvi wa kazi lazima upitie kwa mkaguzi kwa upatanisho kabla ya kwenda mahakamani, kwa hiyo mwajiri aliitwa. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili alimtuma mtu. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akaipekua ile kaye, akauliza kwa hasira nani alimfundisha kijana huyu kuandika. Walimaliza kwa kumlipa fedha. Kazi hakurudishiwa, na hakuitaka. Jambo moja wengi hawalijui: dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Ukisema utangoja bosi apoe, sheria haingoji.

Na malipo ya kibarua si huruma ya tajiri. Mshahara wa chini wa kisheria nchini kwetu huhesabiwa kwa siku. Amri ya mwaka 2018 iliuweka kwenye faranga 7,075 kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ufundi, na mwaka 2025 ukapandishwa.

"Kontra ya miezi mitatu mgodini si kibarua"

Ni kibarua chenye kofia ngumu. Kampuni ndogo iliyopewa kazi na mgodi inakupa miezi mitatu, kisha mitatu tena, kisha mitatu. Sheria inasema kontra ya muda maalumu haizidi miaka miwili na inaongezwa mara moja tu, isipokuwa kazi za msimu na kazi chache zilizotajwa. Vijana wenye kofia hizo wanatudharau sisi wa siku, nasi tunawaonea wivu, na sote tunalala tukiwaza jambo moja.

"Ukifanya vya siku, wewe ndiye bosi wako"

Huu ni uongo wa upande wa pili, na mimi mwenyewe niliwahi kuusema kwa sauti kubwa.

Muulize manseba yeyote, dereva wa pikipiki ya abiria, pale njia panda. Moto, yaani pikipiki, si yake. Kila jioni anapeleka verseman, yaani hesabu ya siku, kwa mwenye pikipiki, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Mvua ya Januari ikinyesha toka asubuhi hadi saa kumi, abiria wanabaki majumbani lakini verseman haibaki. Anaamua saa ya kutoka na barabara ya kupita, kweli, na huo ndio mwisho wa ubosi wake. Siku tupu inayomtokea anailipa yeye. Kwa mfanyakazi wa mwezi siku tupu inalipwa na mwajiri. Ukitaka kujua kama unatumika au unatumikishwa, usiangalie nani anakupigia kelele. Angalia nani analipa siku ambayo hakuna kazi.

Mafundi wa ujenzi wanalijua hili bila kusoma. Kuanzia Mei hadi Septemba wanachagua tajiri. Kuanzia Novemba, mvua zikianza, tajiri ndiye anayechagua, na wengi wanaishi kwa likelemba, mchango wa kupokezana, waliyoichanga wakati wa kiangazi. Fundi asiye na likelemba humaliza mvua akiwa na madeni ya unga.

"Tofauti ni mshahara"

Nilidhani hivyo, nikapiga hesabu yangu ya 187 na 240, nikafurahi. Miezi minane baadaye mwanangu wa pili akahitaji kupasuliwa ngiri. Dola 300.

Mwajiri wa kontra analazimika kisheria kugharamia matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto anaowatunza. Mama mjamzito ana likizo ya majuma 14 na theluthi mbili za malipo. Hayo hayakuwa kwenye daftari langu kwa sababu hayakuwahi kuonekana kwenye bahasha ya mshahara. Ndiyo maana wazee wetu walisema kampuni ni baba na ni mama. Walikuwa wanakumbuka hospitali na gunia la unga, si noti. Kama unahama kutoka kazi ya mwezi kwenda vya siku, bei yako ya siku lazima iwe na hospitali ndani yake. Mimi niliongeza bei kwa famasi na kwa depo baada ya ile ngiri. Depo walikubali. Famasi walikataa pesa, wakanipa dawa kwa bei ya jumla, nami nikakubali, kwa kuwa nyumba yenye watoto wanne haikosi homa.

"CNSS ni ya watu wa ofisini"

Hapana. CNSS ni hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara, 13 za mwajiri na 5 zako, na ulazima wake haupimwi kwa shati jeupe. Kama umevuka zile siku 22 na hakuna anayekuchangia, lipeleke hilo pia kwa mkaguzi pamoja na kaye yako. Kama wanakukata zile 5, dai namba yako ukahakikishe zimefika. Kukatwa ni jambo moja, kufika ni jingine.

"Anayechagua siku tatu ni mvivu"

Huwa nawaambia waende wakamtazame dada wa Golf niliyemtaja. Siku tatu anafua, mbili anauza kikanda, chakula chetu, moja yuko kanisani kwa wagonjwa. Alikataa kufua siku sita kwa sababu mama yake ana kisukari na hakuna mwingine wa kumpikia. Sijui uvivu uko wapi hapo, labda Jumapili mchana.

Jumatano ni siku yangu isiyo na mwenyewe. Juma lililopita mama mkubwa aliniita, akanitolea katoni ya bulletin za mshahara za marehemu, zimefungwa kwa kamba ya katani, nyingine zimeliwa na mende. Anataka kujua ni miezi mingapi walimkata, ni mingapi bado inadaiwa. Nilikaa uani toka saa tatu, nikazipanga kwa mwaka, nikaandika kwenye kaye mpya. Jirani akapita, akauliza huyu kijana haendi kazini?

"Nyamaza," mama mkubwa akamjibu, "uko unamwona anatumika."

Tumefika mwaka 1994. Jumatano ijayo naendelea.