Pikipiki ya theluji ya zamani: maana yake na ilivyopata umbo lake

Pikipiki ya theluji ni chombo kidogo cha injini cha mtu mmoja au wawili. Mbele kina skii mbili, yaani vibao vyembamba vya kutelezea, na chini ya kiti kina mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Skii hugeuza, mkanda husukuma. Dereva hukaa ametanua miguu na kushika usukani kama wa pikipiki, ndipo jina hilo linapofaa, ingawa hakuna gurudumu linalogusa ardhi. Wapenzi wa mashine hizi wanaposema "za zamani", kwa kawaida wanamaanisha zile za tangu majaribio ya kwanza hadi miaka ya 1970.

Aliyewahi kukwama kwenye tope la masika anajua nusu ya tatizo. Tairi linazunguka, linachimba, gari linazama. Theluji mpya hufika kiunoni, na chini yake hakuna mahali pa kukanyaga. Dawa ni kutawanya uzito kwenye eneo kubwa, kama katapila linavyofanya kwa minyororo yake. Lakini katapila ni chuma kitupu. Kazi ilikuwa kupata kitu kinachosukuma kama katapila na bado ni chepesi kama sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu cha kuburutwa juu ya theluji, na kazi hiyo ilichukua miaka karibu arobaini.

Mwaka 1924, katika kijiji cha Sayner, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Carl Eliason alichukua sleji ndefu ya mbao, akaifunga mashine ya boti ya Johnson yenye nguvu za farasi 2.5, akaongeza kipande cha rejeta ya gari la Ford na skii zilizogeuzwa kwa kamba. Wavuvi wa pwani yetu wangeitambua injini hiyo mara moja. Ilitembea, na mwaka 1927 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi.

Ila mtu ninayemrudia kila ninaposoma historia hii ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, nchini Kanada. Akiwa na miaka 15 alijenga sleji iliyosukumwa na panga kama la ndege. Akakua, akafungua gereji, akaendelea kujaribu. Januari 1934 mwanawe mdogo, Yvon, aliugua tumbo na kuhitaji upasuaji wa haraka. Barabara zote zilikuwa zimezibwa na theluji, na chombo alichokuwa akikijaribu baba yake hakikuwa tayari. Mtoto akafariki. Baada ya hapo Bombardier hakutafuta tena mchezo wa majira ya baridi. Alitafuta njia ya kufika hospitali.

Mwaka 1937 alipata hataza ya gurudumu la meno lililofunikwa mpira, likivuta mkanda wa mpira wenye vyuma vilivyokingama. Juu yake akajenga magari makubwa: B7 ya abiria saba, kisha B12 ya abiria kumi na wawili, yenye bodi ya mbao na madirisha ya duara kama ya meli. Yalibeba wagonjwa, barua na watoto wa shule. Ukiyaona leo bado yanapendeza, pengine kwa sababu hakuna kilichowekwa kwa urembo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Quebec ilianza kulazimisha barabara za vijijini zisafishwe wakati wa baridi, na mauzo yakaporomoka.

Ndipo akarudi kwenye ndoto ya ujana, chombo cha mtu mmoja. Awali injini zilikuwa nzito mno na mikanda ilikatika kwenye maungio. Katika miaka ya 1950 injini ndogo zilipatikana, na karakana yake ikaweza kutengeneza mkanda wa mpira wa kipande kimoja usio na kiungo. Ski-Doo ilitoka mwaka 1959, na msimu wa kwanza ziliuzwa 225. Inasimuliwa kwamba alitaka iitwe Ski-Dog, kwa kuwa ingechukua kazi ya mbwa wavutao sleji, ila herufi moja ikakosewa wakati wa kuchapa. Kazi ya mbwa ilichukua kweli. Katika miaka ya 1960 maisha ya Wainuiti, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, na ya Wasami wafugao kulungu wa kaskazini mwa Ulaya, yalibadilika kwa kasi.

Kwingineko fikra ilikuwa tofauti. Huko Roseau, Minnesota, mafundi wa kiwanda kilichokuja kuitwa Polaris waliunda mashine yao katikati ya miaka ya 1950 kwa mnyororo wa kupandishia nafaka ghalani na bampa la Chevrolet lililogeuzwa kuwa skii. Waliweka injini nyuma. Mwaka 1960 Edgar Hetteen, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda hicho, aliivuka Alaska kwa mashine za aina hiyo, safari ya karibu kilomita 1,900. Baadaye akaondoka na kuanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat. Injini ya mbele, kama ya Bombardier, ndiyo iliyoshinda. Uzito wa nyuma ulizamisha mkia, ilhali wa mbele ulizipa skii nguvu ya kugeuza.

Sehemu ninayoipenda zaidi imefichwa chini ya boneti: puli mbili na mkanda. Injini ikipandisha mwendo, vyuma vidogo vinavyorushwa nje na mzunguko hubana puli ya kwanza, mkanda hupanda juu, na puli ya pili hufunguka. Mwendo hubadilika bila gia kuguswa. Skuta nyingi za mjini hufanya hivyohivyo.

Kufikia mwaka 1970 watengenezaji walizidi mia Amerika Kaskazini, na msimu wa 1971 mauzo yalikaribia laki tano. Bombardier hakuyaona hayo. Alifariki Februari 1964. Ushindani ukaleta boneti za faibaglasi zenye rangi kali, na badala ya safu ya magurudumu madogo ndani ya mkanda zikaja reli za kuteleza, zilizopunguza mtikisiko na kuongeza kasi. Kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973, uchumi ukayumba, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalibaki majina makubwa manne: Ski-Doo, Polaris, Arctic Cat na Yamaha.