Maji Yakiingia Ndani: Jinsi ya Kuokoa Vyeti, Picha na Vitu vya Ukoo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mtu huwaza watoto kwanza, na ndivyo inavyopasa. Watoto wakishapata pa kujihifadhi, mikono huenda kwenye televisheni, friji na magodoro. Bahasha yenye hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na picha pekee ya marehemu bibi hubaki ilipokuwa siku zote, chini ya kitanda au kwenye droo ya chini ya kabati. Televisheni itanunuliwa nyingine. Picha ile haina ya pili.

Kazi yangu ni uhifadhi wa nyaraka na vitu vya kale, na kila baada ya masika watu hutuletea mabunda yaliyolowa. Mara nyingi maji yenyewe yameharibu kidogo, na yaliyofanyika siku mbili zilizofuata yameharibu zaidi: cheti kimepigwa pasi, picha zimeanikwa juani, msahafu umefunguliwa kwa nguvu ukachanika. Uharibifu wa namna hii unazuilika, na hauhitaji vifaa vya gharama.

Wako wanaoamini kwamba pwani yetu haifikiwi na vimbunga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Mafuriko ndiyo hayana hata haja ya kimbunga: Desemba 2011 yalipoteza maisha ya watu zaidi ya 40 Dar es Salaam na kuzikumba nyumba za bonde la Msimbazi, na Desemba 2023 matope ya mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh. Matope ni mabaya kuliko maji kwa karatasi, kwa kuwa yakikauka hushika na hayaachii.

Kwa hiyo maandalizi yaanze jua likiwa bado linawaka. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Weka kila hati kwenye mfuko wake mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, funga hati zote pamoja kwenye mfuko mzito, kisha zitie ndooni. Ndoo ina mshikio, mtu mmoja anaibeba huku mkono mwingine umeshika mtoto, na hata ikikuponyoka mfuniko ukiwa umebana vizuri itaelea. Iweke juu ya kimo cha dirisha, lakini si darini, maana upepo mkali huanza na bati. Usiitie kitu chenye unyevunyevu. Karatasi mbichi ikifungiwa huota ukungu hata bila mafuriko.

Piga picha kila hati kwa simu, mbele na nyuma, namba na muhuri visomeke, na umtumie ndugu anayeishi mkoa mwingine. Nakala hiyo haisimami badala ya hati halisi, ila inampa karani namba ya kutafutia.

Kuhusu kulamineti, nitasema wazi kwamba siipendi. Cheti kinabanwa kwa joto kali ndani ya plastiki ambayo haitoki tena bila kukiumiza, na pembe zikifunguka kidogo maji huingia yasipate pa kutokea. Mfuko wa plastiki unaofunguka hufanya kazi ileile na cheti kinabaki kuwa cheti.

Wanaomiliki silaha kwa leseni, yakiwemo magobole ya kulinda mashamba, wana wajibu mzito zaidi. Silaha iliyoachwa kwenye nyumba iliyohamwa itaokotwa na mtu usiyemjua. Ukiamriwa kuhama, kituo cha mkusanyiko chenye watoto si mahali pa kuingia nayo. Iondoe risasi mapema, risasi zikae mbali nayo, na uombe kituo cha polisi kiitunze pamoja na leseni yake mpaka hali itulie. Ikiwa imekwishaingia maji au matope, usijaribu kufyatua uone kama inafanya kazi: mtutu ulioziba unaweza kupasuka mikononi mwako. Gobole lililokuwa limeshindiliwa baruti usilichokonoe, wala usilianike karibu na moto. Risasi zilizolowa usizitumie na usizitupe mtoni, zipeleke polisi. Silaha ikichukuliwa na maji, toa taarifa siku hiyohiyo.

Sasa tuseme maji yameingia na yametoka. Usirudi ndani kabla umeme haujakatwa. Maji ya mafuriko ya mjini yamechanganyika na ya vyoo, kwa hiyo vaa glavu na viatu vilivyofunika mguu, funika pua, na uwaweke watoto mbali na kazi hii. Fungua madirisha. Kwa joto la pwani, ukungu huanza kuota ndani ya siku mbili au tatu, na muda huo ndio wako wa kufanya kazi.

Anza na picha. Kwenye picha za zamani za studio, sura imo ndani ya utando mwembamba wa jelatini uliopakwa juu ya karatasi. Ukilowa huvimba na kuwa laini kama ute wa yai. Kidole kimoja kikipita juu yake, uso wa mtu umeondoka. Shika picha pembeni tu. Ikiwa na tope, iweke kwenye beseni la maji safi ya baridi, uitikise polepole bila kusugua, ubadilishe maji mpaka yawe maangavu, kisha uilaze sura ikitazama juu kwenye kitambaa safi, kivulini. Picha zilizogandana zisivutwe. Ziache majini mpaka ziachane zenyewe, ingawa hazitakiwi kukaa humo zaidi ya siku mbili. Ile iliyogandia kwenye kioo cha fremu iache na kioo chake na umletee mtaalamu. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino haziogeshwi, kwani wino hutiririka.

Hati na vitabu navyo usivianike juani. Jua hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, karatasi ikajikunja na kupasuka, na rangi ikapauka. Kivuli na upepo vinatosha. Feni ielekezwe ukutani, isipige karatasi moja kwa moja. Kitabu kilicholowa chote kisimamishe wima bila kukifungua mpaka maji yachuruzike, kisha kurasa zifunguke kidogo kama feni ya mkono, ukipachika taulo za karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache na kuzibadilisha zikilowa. Magazeti yaliyochapwa usiyatumie, wino wake huhamia. Jiki isiguse karatasi hata tone.

Ikiwa hati ni nyingi na nguvu ni chache, tafuta friza. Zitie kwenye mifuko midogo midogo, zigande kama zilivyo. Ukungu hauoti kwenye barafu, na unaweza kuzitoa chache chache baada ya wiki kadhaa ukazikausha kwa utulivu. Watu hushangaa tunapowaambia hivi, lakini maktaba na nyumba za nyaraka duniani hufanya hivyohivyo.

Familia za Lamu, Pate, Siyu na Unguja zenye misahafu au mashairi ya kuandikwa kwa mkono ziwe na uangalifu wa pekee. Wino wa zamani wa masizi na gundi unaweza kuyeyuka kwenye maji, na anayejua kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, ameshaona maandishi yakiiacha sahani. Hati kama hiyo isioshwe kabisa. Inyanyue kwa kuilaza juu ya ubao au sinia, iache ilivyo, na utafute mhifadhi siku hiyohiyo.

Kasha la shaba na mbao libaki kivulini, mfuniko ukiwa wazi, likauke taratibu kwa wiki nyingi. Mbao ikiharakishwa hupasuka. Droo iliyovimba isilazimishwe. Kanga na vikoi vya ukumbusho vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kila kimoja peke yake, kwa sababu doti jekundu lililolowa hutia rangi jirani yake. Vitu vya chuma vifutwe vikauke kabisa kabla kutu haijaanza.

Kilichochanika kusanya vipande vyote kwenye bahasha moja kavu, usitumie gundi wala selotepu. Kwa hati iliyopotea kabisa, pata kwanza ripoti ya upotevu polisi, halafu nenda ofisi iliyoitoa: RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, kwa cheti cha kuzaliwa, ofisi ya ardhi kwa hati ya kiwanja. Na kama umebakiwa na kipande chenye namba na nusu ya muhuri, nenda nacho, maana karani wa masjala ataanzia hapo.